Tuko Wote Hapa

Somo: Matendo ya Mitume 16:25-34



Wapendwa katika Bwana, ninyi mlio hapa Kampala, katika Nsambya, Katwe, Makindye, Masajja na Najjanankumbi, na ninyi mtakaosoma barua hii huko Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, tunawasalimu kwa jina la Yesu Kristo. Tunamshukuru Mungu aliyetutunza tangu siku ile tulipotoka kwetu na vitu vya kubeba kichwani, hata leo hii.

Katika toleo hili tumeamua kusema wazi juu ya jambo ambalo katika makanisa yetu husemwa kwa kunong'ona. Ni habari ya ndugu na dada zetu wanaochoka na maisha mpaka wanataka kujiua. Tunaomba msome mpaka mwisho, na mkimaliza mumpe jirani naye asome.

Kosa letu sisi wenyewe

Tunaanza na kosa letu, maana hatuwezi kufundisha wengine huku tumeficha la kwetu.

Mama mmoja wa kwaya yetu alitujia mara tatu. Kila mara alisema neno lile lile: "Mchungaji, siku hizi mawazo ni mengi, usingizi umekataa." Mara ya kwanza tulimwekea mikono tukamwombea. Mara ya pili tulimpa Zaburi za kusoma. Mara ya tatu tulikuwa tunakimbilia mkutano, tukamwambia mlangoni afunge siku 3. Mtu ambaye kwa siku nyingi alikuwa hali chakula, sisi tukamwambia afunge! Juma lile lile alijaribu kujitoa uhai.

Jirani yake, mama Mganda ambaye ni Mwislamu, alimkuta mapema. Akaita boda boda, wakamfikisha hospitali, akapona. Aliporudi kwenye chumba chake, jirani yule alikuwa akiingia kila jioni na kikombe cha uji, anakaa naye mpaka watoto walale. Na sisi kanisa tulifanya nini? Baraza letu la wazee lilikaa, likamsimamisha kwaya kwa miezi 6, kwa kusema ameliletea kanisa aibu.

Mama huyu ametupa ruhusa tuandike haya bila kutaja jina lake. Alisema, "Andikeni, ili mwingine asirudishwe mlangoni kama mimi."

Siku ambayo milango miwili ilifungwa

Shida za mama huyu mnazijua, maana ni za wengi wenu. Alikuwa amengoja miaka mingi safari ya kwenda nchi ya tatu. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na amri hiyo ikaanza kazi tarehe 27. Watu waliokuwa wameuza godoro na masufuria, wamewaaga majirani, wakaambiwa warudi nyumbani, na nyumba walikuwa wameshaiacha. Tarehe hiyo hiyo ya 27 Januari, waasi wa M23 waliingia Goma, na mwezi wa pili wakaingia Bukavu. Siku moja, mlango wa mbele ukafungwa na mlango wa nyuma ukafungwa. Mwezi wa tano mwaka ule ule, Shirika la Chakula Duniani likaondoa msaada kwa wakimbizi wapatao milioni 1 hapa Uganda kwa kukosa fedha, na ndugu zetu wa kambini wakaanza kupiga simu Kampala kuomba chakula kwa watu ambao nao hawana.

Mtu akikuambia katika hali kama hii kwamba amechoka, usimwambie hana shukrani. Msikilize.

Mlinzi aliyedhani kila mtu ameondoka

Sasa tuingie katika somo letu. Mahubiri mengi ya sura hii huishia kwenye nyimbo za usiku wa manane na tetemeko la nchi. Sisi tunataka tumtazame mlinzi wa gereza.

Paulo na Sila walikuwa wamepigwa fimbo nyingi pale Filipi, wakatupwa chumba cha ndani, miguu ikafungwa kwenye mkatale. Usiku nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, minyororo ikalegea. Mlinzi akaamka, akaona milango wazi, akachomoa upanga ajiue. Kwa nini? Katika Matendo 12:19 tunasoma kwamba Petro alipotoka gerezani, Herode aliamuru walinzi wauawe. Mlinzi huyu alijua desturi hiyo. Alihesabu kazi imekwisha, heshima imekwisha, maisha yamekwisha.

Angalieni neno moja: alidhani. Alidhani wafungwa wote wamekimbia. Kulikuwa giza, hakuona. Watu walikuwa pale pale hatua chache kutoka kwake, na yeye ameshawahesabu kuwa wameondoka. Ndivyo huzuni kubwa inavyofanya. Inazima taa, halafu inakuambia hakuna mtu chumbani. Inamwambia mama kwamba watoto wake wataishi vizuri zaidi bila yeye. Inamwambia baba kwamba yeye ni mzigo tu. Mtu wa namna hiyo haoni vizuri, kama vile mwenye malaria kali anavyoona nyumba inazunguka. Anahitaji sauti ya mtu mwingine.

Paulo akapaza sauti, akamkataza asijidhuru, akamwambia wao wote wapo. Tunajifunza mambo matatu hapa.

Kwanza, Paulo naye alikuwa mgonjwa. Mgongo wake ulikuwa na majeraha ya fimbo yasiyooshwa bado. Hakungoja apone ndipo aokoe mwenzake. Sisi wakimbizi tunapenda kusema, "Mimi mwenyewe nina shida, nitamsaidia nani?" Paulo alikuwa mfungwa, na aliyeokolewa alikuwa mwenye funguo.

Pili, alisema kwa sauti kubwa na kwa maneno machache. Mahubiri yalikuja baadaye, baada ya taa kuletwa. Hakumuuliza imani yake iko wapi. Hakumtisha kwa moto wa jehanamu. Alimzuia, akamwambia hayuko peke yake.

Tatu, alisema wote. Wafungwa wengine mle ndani hawakuwa wanafunzi wa Yesu, lakini Paulo aliwahesabu nao. Tunamkumbuka mama yule wa uji. Katika kazi ya kuokoa mtu, tusiulize kwanza huyu ni wa dhehebu gani, wa kabila gani, Mnyamulenge au Mshi, Mhema au Mlendu, Mrundi au Msudani. Taa ikiwashwa tutajuana.

Je, anayetaka kufa hana imani?

Wengine watasema mkristo aliyeokoka hawezi kufikia hapo. Basi na wafungue Biblia zao. Musa alichoka na mzigo wa watu mpaka akamwomba Mungu amuue (Hesabu 11:14-15). Yona aliona afadhali kufa kuliko kuishi (Yona 4). Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa (Yeremia 20:14-18). Paulo huyu huyu aliandika kwamba kule Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Na Eliya, aliyeshusha moto Karmeli, aliposikia Yezebeli anamtafuta alikimbia, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda peke yake jangwani, akakaa chini ya mti akaomba afe (1 Wafalme 19).

Eliya alikuwa mkimbizi kama sisi. Na Mungu alimtendea nini? Hakumkemea. Alimwacha alale. Akamtumia malaika na mkate wa moto na maji. Akamwacha alale tena, akamlisha tena. Baadaye sana ndipo akamuuliza habari zake, akamsikiliza mara mbili akirudia maneno yale yale. Mwisho akampa Elisha, ili asitembee tena peke yake. Sisi tuliosoma chuo cha Biblia tulifundishwa kuhubiri sura hii, lakini hatukufundishwa kuitenda.

Wengine watasema ni pepo. Sisi tunaamini maombi na tunaendelea kuomba. Lakini mwenye kisukari akija, tunamwombea na tunamwambia asiache dawa. Basi kichwa nacho ni kiungo cha mwili. Bwana wetu mwenyewe alisema kwamba walio wagonjwa ndio wanaomhitaji tabibu. Mtumishi yeyote anayemwambia mgonjwa atupe dawa alizopewa Butabika ili kuonyesha imani, anahatarisha uhai wa mtu.

Yaliyotokea Masaka na Rakai

Kila anayepanda basi kwenda Nakivale anapita Masaka. Wachache wanajua kwamba vijiji vya upande ule vimeifundisha dunia somo kubwa.

Mwaka 2002, watafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani, pamoja na shirika la World Vision, walifanya kazi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, mahali ambapo ukimwi ulikuwa umeacha makaburi mengi. Kabla ya hapo walikuwa wamewauliza wenyeji wenyewe: ninyi taabu hizi za moyo mnaziitaje? Watu wakawapa maneno ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Kumbe ugonjwa ulikuwa na jina siku zote, ila hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kisha vikaundwa vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Walikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa pale pale waliofundishwa kwa muda mfupi. Walizungumza juu ya mambo kama msiba, ugomvi, na mabadiliko ya maisha. Ndugu, ni mkimbizi gani asiye na yote haya?

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kwenye vijiji vilivyopata vikundi, watu 86 katika kila 100 wa wale waliofuatiliwa walikuwa na ugonjwa huo wa huzuni mwanzoni. Mwishoni walibaki 6 au 7. Kwenye vijiji ambavyo havikupata, walikuwa 94 katika 100, na wakabaki kama 55. Tangu mwaka 2013, shirika la StrongMinds limeendeleza njia hiyo ya vikundi hapa Uganda, na kina mama wa mitaa ya Kampala ni miongoni mwa waliokaa kwenye duara hizo.

Kaskazini pia, katika makazi ya Rhino Camp, wakimbizi wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Katika vijiji vilivyochaguliwa, walikutana mara 5 wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa lugha yao, jinsi ya kubeba mawazo mazito bila kuzama ndani yake. Baada ya miezi 3 walikuwa na nafuu kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Na huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Washona wanaiita taabu hii kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ni neno lile lile mama yetu alilolileta mlangoni mara tatu: mawazo mengi.

Hatusemi kwamba kikundi kinatosha kwa kila mtu. Tafiti hizo za Masaka na Rhino Camp zilipima huzuni na taabu ya moyo, hazikuhesabu vifo, na wako wanaohitaji daktari na dawa. Lakini zinatuonyesha kwamba mtu wa kawaida akifundishwa kusikiliza anaweza kumrudisha mwenzake. Na sisi kanisa tunao watu, tunayo mikeka, na tuna desturi ya kukutana kila juma.

Kuhusu sheria, na kuhusu mazishi

Hapa Uganda kujaribu kujiua bado kumeandikwa katika sheria kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba sheria ya namna hiyo inakwenda kinyume na katiba. Hofu ya polisi inawafanya watu wafiche, na mkimbizi anaogopa zaidi kwa ajili ya karatasi zake. Kanisa lisiongeze hofu nyingine juu ya hiyo.

Na akifa mtu kwa njia hii? Tunajua makanisa yanayokataa kumwimbia. Hatusemi kwamba ni halali mtu kujiua. Uhai ni wa Mungu. Lakini someni 1 Samweli 31. Sauli alikufa kwa upanga wake mwenyewe. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuuchukua mwili wake, wakamzika, wakafunga siku 7. Na Daudi hakuwalaumu, aliwatumia baraka kwa wema huo (2 Samweli 2:4-6). Mungu ndiye hakimu wa marehemu. Kwetu sisi kuna mjane na watoto wanaotazama kama tutakuja na jembe au tutapita upande mwingine wa barabara.

Tufanye nini?

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaojiua kila mwaka, na kati yao wamo vijana wengi wa miaka 15 hadi 29. Basi tunawaomba mshike haya:

1. Uliza wazi. Mtu akijitenga, akigawa vitu vyake, akisema "nitawapumzisha", akianza kuaga bila safari, muulize kwa upole: "Ndugu, umefikiri kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupumua kwa mara ya kwanza wakiulizwa.

2. Sikiliza bila kukatiza. Usiseme "wengine wana shida kuliko wewe." Usikimbilie mstari wa Biblia kabla hajamaliza.

3. Usimwache peke yake saa ya hatari. Pangeni zamu. Dawa, sumu za shamba na vitu vingine vya hatari viondolewe nyumbani au vikae kwa jirani.

4. Mpeleke, usimwelekeze tu. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika vituo vya afya vya serikali kama mwananchi. Hospitali ya Butabika ipo kwa ajili ya maradhi haya. Mashirika kama TPO Uganda yana washauri, kambini pia. Nenda naye, keti naye kwenye foleni, mkalimanie kama hajui Kiganda wala Kiingereza.

5. Rudi kesho. Na juma lijalo. Uji wa siku moja haukumponya mama yetu.

Na wewe unayesoma haya ukiwa ndani ya giza hilo, tunakuomba umwambie mtu mmoja leo hii, kabla jua halijazama. Mwambie jirani, shemasi, au uje kwetu usiku wowote ubishe. Safari hii hatutakusimamisha mlangoni.

Neno la mwisho

Baraza la wazee limekutana tena. Tumemwomba mama yule msamaha mbele ya familia yake, na tumeomba kuutamka tena kanisani. Alituuliza kama kitenge cha kwaya bado kipo. Kipo, kimefuliwa, na kimekunjwa mezani pa mama mchungaji kinamngoja. Jirani yake tumemwalika siku hiyo akae mbele, naye amekubali.

Kuanzia mwezi ujao kina mama watakutana Alhamisi saa 10 jioni, na wanaume Jumamosi baada ya kazi, hapa hapa kanisani kwenye mikeka. Hakutakuwa na sadaka wala mahubiri. Tutasikilizana. Kinachosemwa kwenye mkeka kitabaki kwenye mkeka. Wanaume, msiseme hili ni la wanawake. Mlinzi wa Filipi alikuwa mwanamume mwenye upanga.

Biblia inasema usiku ule ule mlinzi aliwaosha majeraha wale waliomwokoa, akawaandalia chakula, na nyumba yake yote ikafurahi. Aliyetaka kufa saa sita ya usiku, kabla ya kupambazuka alikuwa anawapakulia wageni. Mungu na atupe kuona asubuhi kama hiyo katika nyumba zetu za kupanga.

Ndugu, kama kuna giza kwako usiku wa leo na unadhani wote wameondoka, hatujaondoka. Tuko wote hapa.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.

Ni sisi wachungaji wenu katika Kristo.